Mto Wetu Una Nafasi ya Samaki Wangapi?



Somo letu la leo linatokana na swali ambalo vikundi vya kando ya mito vimeniuliza mara nyingi: "Mwalimu, samaki wameisha mtoni. Tukinunua vifaranga tukawamwaga, si watarudi?"

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja kiliniuliza hivyo, nami nikajibu haraka kwamba watarudi. Kikundi hicho kilikuwa cha akina mama na vijana, kwenye kijito kimoja upande huu wa magharibi ambacho maji yake huishia Ziwa Victoria. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo kila Alhamisi. Tukanunua vifaranga, tukawabeba kwa mitungi ya plastiki, tukawamwaga mwezi wa Desemba kwa nyimbo na vigelegele. Hatukumwuliza hata afisa wa uvuvi. Kufika mwezi wa Machi maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Tulitembea kijito kizima asubuhi moja na hatukuona hata samaki mmoja wetu. Mama mweka hazina akafunga daftari lake, akaniangalia, akasema: "Sasa Mwalimu, pesa zetu zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, na ndilo somo lenyewe: tulinunua samaki kabla ya kuhesabu nafasi. Somo hili halihitaji mitambo. Linahitaji kamba, tepu, saa, daftari, wavu wa kuazima, na watu wenye subira.

MASWALI MAWILI YASIYOFANANA

Kwanza tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya.

Swali la kwanza: Samaki waliopo sasa mtoni ni wangapi?

Swali la pili: Mto huu, jinsi ulivyo, una nafasi ya samaki wangapi?

Jibu la kwanza unalipata kwa kuvua na kuhesabu. Jibu la pili unalipata kwa kupima mto wenyewe. Ukiwa na majibu yote mawili, hapo ndipo unajua ugonjwa uko wapi. Kama nafasi ni nyingi na samaki ni wachache, basi kuna kitu kinawaondoa, pengine ni nyavu zetu. Kama samaki ni wachache na nafasi pia ni chache, basi mto wenyewe ndio mgonjwa. Hapo hata ukimwaga gari zima la vifaranga, hawatakaa.

MFANO WA SHULE YA BWENI

Tuchukue mfano wa shule ya bweni. Tuseme ina madawati 400, sahani 350, na vitanda 120. Je, inaweza kulaza wanafunzi wangapi? Kila mtoto anajua jibu: ni 120. Huwezi kujumlisha madawati na sahani na vitanda halafu ukagawanya kwa tatu. Kitu kilicho kichache kuliko vyote ndicho kinachosema idadi.

Na mwalimu mkuu akiandikisha wanafunzi 300 zaidi, vitanda havitaongezeka. Akinunua sahani 200, vitanda bado ni 120. Fedha itakuwa imetumika na hakuna mtoto hata mmoja aliyepata pa kulala. Lakini akitengeneza vitanda 50, papo hapo nafasi inakuwa 170.

Mto nao ni hivyo hivyo. Kazi yetu ni kutafuta kitanda cha samaki kiko wapi, yaani kile kitu kimoja kilicho kichache kuliko vyote.

SAMAKI ANAHITAJI NINI?

Tumchukue samaki mmoja tunayemjua, fwani. Wengi wenu mnamfahamu, yule mwenye magamba makubwa na vindevu vidogo mdomoni. Huyu wanasayansi humwita Labeobarbus altianalis. Wapo wanaokaa ziwani na wapo wanaokaa mtoni mwaka mzima. Katika maisha yake anahitaji nyumba tatu tofauti.

Nyumba ya kwanza ni kokoto za kutagia. Fwani hutaga kwenye kokoto safi ambapo maji yanakimbia. Mayai huingia katikati ya kokoto na hupata hewa kutoka kwenye maji yanayopita. Udongo ukishuka kutoka mashambani ukaziba kokoto, mayai hukosa hewa yakafa.

Nyumba ya pili ni ya vifaranga. Wakitoka kwenye mayai hawana nguvu ya kupambana na maji. Wanakaa kandokando, penye nyasi na maji ya polepole, wanakula vijidudu na kujificha.

Nyumba ya tatu ni madimbwi ya kiangazi. Samaki mkubwa anahitaji maji yenye kina, kivuli, mizizi au mawe ya kujificha. Mvua ikiwepo, mto wote ni nyumba. Lakini Januari na Februari maji yakipungua, samaki wote wa kilomita nzima hukusanyika katika mashimo machache.

Kwa hiyo mkimwuliza mtu "mto wenu ni mzuri?" naye amesimama darajani mwezi wa Mei, atasema ni mzuri sana. Mwulizeni tena mwezi wa Februari.

JINSI YA KUPIMA MTO

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama. Mwone afisa wa uvuvi wa kaunti kabla ya kuingiza wavu wowote majini, na mwombe aje nanyi. Mwambieni chifu pia na wenye mashamba ya kando. Kama mna jumuiya ya watumiaji maji, washirikisheni. Anayeingia majini avae gambuti, kwa sababu ya kichocho na vipande vya chupa. Wingu likiwa zito huko juu milimani, tokeni majini, hata kama kwenu jua linawaka. Penye mamba au kiboko, hiyo kazi muiache.

Hatua ya 2: Chagueni kipande. Mto wote hamtauweza. Chukueni mita 1,000, zilizo kama sehemu nyingine za mto wenu, si pale pazuri tu na si pale pabaya tu. Pimeni kwa kamba yenye mafundo kila mita 10.

Hatua ya 3: Gawanyeni mto kwa aina. Mkitembea mtaona aina tatu za maji. Kuna dimbwi, ambapo mto umetulia na una kina. Kuna maji ya mawe, ambapo kina ni kifupi na maji yanakimbia yakipiga kelele. Na kuna mkondo wa kawaida katikati ya hizo mbili. Kwa kila aina andikeni urefu, upana na kina. Pimeni upana mahali kadhaa, msikisie.

Mfano wa hesabu ni huu. Namba nimezirahisisha ili mfuate kwa kalamu. Mto wenu utakuwa na zake.

Madimbwi: urefu mita 200, upana mita 7 = mita za mraba 1,400
Maji ya mawe: mita 300 kwa 6 = mita za mraba 1,800
Mkondo wa kawaida: mita 500 kwa 5.6 = mita za mraba 2,800
Jumla: mita za mraba 6,000

Hatua ya 4: Rudini kiangazi. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo iliyotuponza sisi. Pimeni tena madimbwi yaleyale wakati maji ni machache kabisa. Hesabuni yale tu yenye kina cha nusu mita na zaidi, yenye mahali pa kujificha. Tuseme zile mita za mraba 1,400 za mvua zimebaki 300.

Hatua ya 5: Angalieni chini ya mawe. Geuzeni mawe ya ukubwa wa mkate. Mkikuta wadudu wadogo bapa wanaoshikilia jiwe, wenye mikia miwili au mitatu kama nyuzi, hiyo ni dalili ya maji yenye hewa na chakula cha samaki. Mkikuta tope jeusi linalonuka na minyoo myekundu peke yake, basi maji hayo yamechoka. Tafuteni uchafu unaingilia wapi.

Andikeni pia ukubwa wa mahali penye kokoto safi zisizozibwa na udongo. Tuseme ni mita za mraba 40. Na kandokando penye nyasi za vifaranga, tuseme mita za mraba 600.

JINSI YA KUHESABU SAMAKI USIOWAONA

Hapa watu hucheka. "Mwalimu, tutamhesabuje samaki ambaye hatujamwona?" Njia ipo.

Chagueni dimbwi. Zibeni juu na chini kwa nyavu mbili ili asitoke mtu wala asiingie mgeni. Vueni kwa wavu wa tatu. Tuseme mmepata samaki 30. Msiwarudishe. Waweke kwenye karai kubwa zenye maji safi, kivulini. Vueni mara ya pili, kwa wavu uleule, watu walewale, muda uleule. Tuseme safari hii mmepata 12.

Sasa, 12 kwa 30 ni sawa na 4 kwa 10. Maana yake mvuo wa kwanza uliacha sehemu 4 kati ya 10, ukachukua sehemu 6. Kama sehemu 6 ni samaki 30, sehemu moja ni samaki 5, na sehemu zote 10 ni samaki 50. Basi dimbwi lilikuwa na samaki kama 50, ingawa mmeshika 42 tu.

Kama dimbwi hilo lina mita za mraba 50, basi kila mita ya mraba ina samaki mmoja.

Mkimaliza, warudisheni samaki polepole, nyavu za kuziba zikiwa za mwisho kutoka. Anayetaka kitoweo atavue siku nyingine.

Njia ya pili inafaa dimbwi kubwa. Mnavua, mnaweka alama ndogo kwenye ncha ya pezi la mkia, mnaachilia. Kesho yake mnavua tena. Tuseme jana mliweka alama kwa samaki 20. Leo mmepata 24, na 6 kati yao wana alama. Sita kwa 24 ni robo. Basi wale 20 ni robo ya wote, na wote ni kama 80. Njia hii inaitwa kwa jina la Petersen, mtaalamu wa samaki wa Denmark, ambaye aliweka alama samaki wa baharini miaka ya 1890. Afisa wa uvuvi ataifahamu, na kuweka alama mwachieni yeye.

HESABU YA NAFASI

Ili kujua nafasi ya mto tunahitaji dimbwi la kulinganisha, yaani dimbwi zuri ambalo watu hawavui. Karibu kila mto unalo. Labda liko chini ya mti ambao wazee walikataza, au nyuma ya shule, au ndani ya msitu. Tuseme lile dimbwi letu la samaki 50 ndilo hilo. Linatuambia kwamba dimbwi zuri la kiangazi hubeba samaki mmoja kwa mita ya mraba.

Sasa tuchukue zile nyumba tatu, tuzigeuze zote kuwa samaki wakubwa, ili tulinganishe kitu kimoja.

Nyumba ya kutagia: mita 40 za kokoto. Tuseme kila mita inatoa vifaranga 200. Hiyo ni vifaranga 8,000. Wengi huliwa wakiwa wachanga. Tuseme kati ya kila 4 mmoja anafika urefu wa kidole. Wanabaki 2,000. Kati ya kila 10 wa urefu wa kidole, tuseme 3 wanafika kuwa wakubwa. Basi kokoto zinatosha kuleta samaki wakubwa 600.

Nyumba ya vifaranga: mita 600 za kandokando. Tuseme kila mita inatosha kukuza 5 kufika urefu wa kidole. Ni 3,000. Kwa hesabu ileile ya 3 kati ya 10, ni samaki wakubwa 900.

Nyumba ya kiangazi: mita 300 za madimbwi, samaki mmoja kwa mita. Ni samaki wakubwa 300.

Wekeni namba ubaoni: kutagia 600, vifaranga 900, kiangazi 300.

Je, mto huu una nafasi ya samaki wakubwa wangapi? Kama shule yetu ya bweni, jibu ni 300. Madimbwi ya kiangazi ndiyo vitanda.

Sasa mwageni vifaranga 5,000 mtoni. Madimbwi ya kiangazi ni yaleyale 300. Waliobaki wataliwa na ndege, watakwama kwenye maji ya joto, au watakufa kwa kukosa hewa. Hapo ndipo pesa zetu zilipokwenda, mama mweka hazina.

Lakini angalieni jambo lingine. Mkifaulu kurudisha madimbwi mpaka yawe mita 600, nafasi inakuwa samaki 600. Mkiongeza zaidi ya hapo, haisaidii tena, kwa sababu sasa kokoto ndizo zilizo chache. Kizuizi kinahama. Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili au mitatu rudieni hesabu, mwone kitanda sasa ni kipi.

MAPENGO MAWILI

Tuseme mmevua pia dimbwi la kawaida, lile ambalo kila mtu huvua. Lina mita za mraba 40. Mvuo wa kwanza mmepata 12, wa pili 3. Tatu kwa 12 ni moja kwa nne. Mvuo wa kwanza ulichukua sehemu 3, ukaacha moja. Sehemu 3 ni 12, sehemu moja ni 4, zote ni 16. Samaki 16 kwa mita 40 ni samaki 4 kwa kila mita 10.

Kama madimbwi yote ya kiangazi yako hivyo, basi katika mita 300 kuna samaki kama 120, wakati nafasi ni ya 300.

Pengo la kwanza ni kutoka 120 hadi 300. Nafasi ipo, samaki hawapo. Hili ni pengo la uvuvi, na dawa yake ni makubaliano: kupumzisha madimbwi kiangazi, kuacha wavu wa matundu madogo na chandarua cha mbu, na kukataa kabisa sumu. Pengo hili linaweza kuanza kuziba bila kutumia hata shilingi.

Pengo la pili ni kutoka 300 hadi 600. Hapa nafasi yenyewe imepotea. Dawa yake ni jembe na miche: kuzuia udongo unaojaza madimbwi, kuacha kuchota mchanga ovyo, kufungia ng'ombe njia moja ya kunywea maji, kurudisha matete na miti ya kienyeji kando ya mto. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima katika ukanda wa kando ya mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kuanzia alama ya juu ya mafuriko. Hizo mita 6 ndizo kinga ya madimbwi yenu.

Mkijua pengo lenu ni lipi, hamtagombana bure. Nimeona mikutano ambapo wavuvi wanalaumu wakulima na wakulima wanalaumu wavuvi mpaka jua linatua. Mara nyingi wote wana sehemu ya ukweli, na hesabu ndiyo inayoonyesha sehemu ya kila mmoja.

MAJI YA KIANGAZI NA PAMPU

Madimbwi hayawezi kuwa na kina kama maji yote yanapandishwa mashambani. Pimeni maji kwa chungwa. Chagueni mahali mto umenyooka. Pimeni mita 10, tupeni chungwa, hesabuni sekunde. Rudieni mara tano, chukueni wastani. Tuseme ni sekunde 50. Basi mwendo ni mita 0.2 kwa sekunde. Zidisheni kwa upana, tuseme mita 2.5, na kina, tuseme mita 0.1. Mnapata 0.05. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, zidisheni kwa 0.8. Jibu ni 0.04, yaani lita 40 kwa sekunde.

Sasa tuseme pampu moja ndogo ya petroli inavuta lita 8 kwa sekunde. Pampu 5 zikiwashwa pamoja ni lita 40. Mto umekwisha. Hakuna mtu aliyekusudia kuukausha. Kila mmoja alichukua kidogo tu.

Hapa ndipo kikao chetu kilipowaka moto. Tulirudi kwenye kijito kilekile, na kikundi kilekile, safari hii kwa kamba na chungwa. Mzee mmoja mwenye pampu akasimama akasema: "Mwalimu, samaki hawalipi karo. Sukuma wiki ndiyo inalipa." Watu walinyamaza, maana alisema kweli. Mjukuu wake yuko sekondari kwa ajili ya hiyo pampu. Akina mama nao wakamjibu kwa heshima: "Mzee, sisi tulio chini yako hatupati hata ya kunywa."

Hatukumaliza siku hiyo. Tulikutana mara nne. Mwisho walikubaliana zamu: pampu mbili tu kwa wakati mmoja, na siku ya Jumapili hakuna pampu. Pia walikubaliana kwamba kila mwenye pampu ataomba kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, jinsi Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavyotaka. Mzee yule aliweka sahihi wa mwisho, na alisema bado hajafurahi. Nami nasema ni haki yake. Tukimwomba mtu apunguze maji, ni lazima tumsaidie kutumia kidogo: matandazo ya nyasi shambani, kumwagilia jioni, tangi la kuvuna maji ya mvua. Kikundi kimeanza kuweka akiba tena, na shilingi za kwanza zimekwenda huko, si kwenye vifaranga.

MTO NI NJIA PIA

Kuna samaki ambao hesabu ya kilomita moja haiwatoshi. Mfano ni ningu. Huyu hukaa ziwani, lakini mvua ikianza hupanda mito kama Nzoia, Yala, Sondu na Nyando kwenda kutaga, hasa penye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Vifaranga hukaa huko kwa muda, kisha hushuka ziwani. Kwake mto ni njia ya kwenda hospitali ya uzazi.

Nyavu za kunasa mashavu zilianza kutumika upande wetu wa ziwa mwaka 1905. Baadaye watu wakazitega midomoni mwa mito msimu wa kupanda, wakawanasa majike wenye mayai kabla hawajataga. Ilipofika miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka. Leo anahesabiwa kati ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Haikuwa kwamba nyasi za kutagia zote zilikuwa zimekwisha wakati ule. Mlango ndio uliofungwa.

Kwa hiyo mkipima mto ulizeni pia: mlango uko wazi? Kuna wavu ulioziba mto mzima? Kuna ukuta wa kuchotea maji ambao samaki hawezi kuupanda? Kuna kinamasi kilichokaushwa? Kama mlango umefungwa, nafasi zote za ndani ni bure.

TAHADHARI TATU

Ya kwanza: msiamini namba moja. Dimbwi moja si mto. Vueni angalau matatu au manne ya kila aina. Mkipata jibu 300, andikeni "kama 200 hadi 400". Hata hivyo, namba zisizo kamili bado zinaonyesha kitu gani ni kichache kuliko vingine.

Ya pili: zile namba za "tuseme" si za kunakili. Idadi ya vifaranga kwa mita, na wangapi hufika ukubwa, hubadilika kwa kila mto na kila samaki. Afisa wa uvuvi, au watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi walioko Kisumu, wanaweza kuwasaidia kupata namba zinazokaribia mto wenu.

Ya tatu: msimwage samaki mgeni mtoni bila ruhusa. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ameleta viwanda na fedha, lakini aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa hazikuonekana tena. Samaki akishaingia majini huwezi kumwita arudi.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano wenu ujao, jadilianeni:

1. Wazee wanakumbuka madimbwi gani ambayo leo yamejaa mchanga? Yachoreni ardhini kwa kijiti, kisha yachoreni kwenye karatasi.

2. Je, tunalo dimbwi la kulinganisha, lisilovuliwa? Kama halipo, ni lipi tunaweza kulipumzisha kwa miaka miwili?

3. Kati ya kokoto, nyasi za vifaranga, madimbwi ya kiangazi na mlango wa mto, tunadhani kitanda chetu ni kipi? Andikeni jibu kabla ya kupima, kisha mlinganishe baada ya kupima.

4. Kiangazi pampu ngapi huwashwa pamoja? Nani yuko chini kabisa ya mto, na amewahi kuulizwa?

5. Tukimwomba jirani aache mita 6 za kando ya mto, sisi tutampa nini?

Chagueni watu wanne wa kupima, na katibu wa kuandika. Daftari likae mahali ambapo kila mwanakikundi anaweza kulisoma. Pimeni mwezi uleule kila mwaka, kwa kamba ileile.

Mama mweka hazina sasa ndiye anayeshika saa wakati chungwa linaelea. Juzi aliniambia ameongeza ukurasa mpya kwenye daftari lake, baada ya ukurasa wa akiba. Juu ameandika: "Nafasi zetu."